Pete za Bi Tone

Wifi yangu alikuwa na paka na daftari, na kwa muda wa mwaka mmoja na nusu sikujua kipi kati ya hivyo viwili nilipaswa kukiogopa.

Watu walimwita Bi Tone kwa sababu ya dawa zake. Alikuwa mganga wa homiopathi, dada mkubwa wa mume wangu, na tuliishi nyumba moja. Chumba cha mbele kilikuwa duka langu la madaftari na kalamu. Ukipita ukumbini ulifika chumba alichopokelea wagonjwa, na nyuma yake kulikuwa na chumba cha dawa, kidogo kama stoo, kilichopakana ukuta na duka langu, chenye mapazia meusi yaliyoshonwa mara mbili. Alisema dawa zake hazipendi mwanga. Hata saa sita mchana, jua likiwaka nje, mle ndani usingeuona mkono wako mwenyewe bila kuwasha taa.

Humo ndimo alimotengenezea matone. Alichukua tone moja la dawa, akalitia kwenye kichupa cha maji, akakigonga kichupa juu ya mto wa ngozi mara mia. Halafu tone moja la maji yale kwenye kichupa kipya, mara mia tena. Kisha tena, na tena, mpaka kwa maneno yake mwenyewe hakikubaki hata chembe ya kile kitu cha kwanza. Kilichobaki ni kumbukumbu, alisema, na kumbukumbu ndiyo inayoponya. Nilimwambia kwamba kwa hesabu hiyo mimi nikipita mbele ya bucha nimeshakula nyama. Alicheka mpaka akashika ubavu, maana mawifi tumeumbiwa kutaniana. Lakini nikiwa peke yangu dukani, ule ukuta ukileta du, du, du, nilijikuta nahesabu bila kutaka, na alipokawia kidogo kabla ya mia nilibana pumzi.

Nisimwonee. Alijua kusikiliza. Kituo cha afya wanakupa dakika tatu na karatasi. Bi Tone alikaa nawe saa moja na nusu. Alikuuliza unalalia upande gani, unapenda chumvi au sukari, ukilia unalia mbele za watu au mafichoni, na unaota nini. Muda wote huo paka wake alikuwa mapajani mwako. Alikuwa paka mkubwa wa manyoya marefu ya kijivu, aliyeachwa na mgonjwa mmoja aliyehama, na tulimwita Karani kwa sababu alihudhuria kila kikao na hakutoa siri nje. Wifi alimhesabu kuwa nusu ya dawa. Mtu aliyempakata paka, alisema, hawezi kusema uongo.

Pete ya kwanza ilitokea kwa fundi saa. Alikuja kwa kukosa usingizi, na baada ya wiki tatu alirudi akiwa analala vizuri, ila mkononi, chini ya kiwiko, alikuwa na duara jekundu lenye ukingo ulioinuka, katikati peupe, na ngozi inayobanduka kama magamba. Lilimwasha. Mimi niliona choa. Wifi aliona kitu kingine kabisa, akapiga makofi kwa furaha.

Alinieleza jioni tukichambua mboga. Katika elimu yao, maradhi hukaa ndani, na yakianza kupona hutoka: yanaviacha viungo vya ndani, yanakuja juu, mpaka kwenye ngozi. Ngozi ni mlango. Kinachoonekana pale ni mgeni anayeaga. Ukikipaka mafuta ya duka la dawa unamfungia mgeni mlango usoni, naye anarudi ndani kwa hasira na kukaa pabaya zaidi, kwenye mapafu au moyoni. Kwa hiyo fundi saa alikuwa anapona. Alilifungua daftari lake, na mbele ya jina la yule bwana akachora kiduara kwa penseli nyekundu.

Baada ya hapo zilifuatana. Mke wa mpeleka barua alikuja na kikohozi, akapata pete chini ya kidevu. Mapacha waliokuwa wakikojoa kitandani walipata tumboni, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu mstaafu wa kike, mjane, alikuja na huzuni tu, hakuwa na jingine, naye akapata pete kwenye kifundo cha mkono. Maradhi yalikuwa tofauti, watu hawakujuana, na wote waliishia kwenye duara lilelile. Ilifika mahali wifi akawa anawatabiria. Kabla ya wiki tatu utaiona, alisema, na wiki tatu hazikwisha. Niliwaona wakipita mbele ya duka. Wakikutana sokoni mmoja aliiona pete ya mwenzake mkononi au shingoni, naye akapandisha mkono wa shati lake kidogo, kumwonyesha. Hawakusalimiana. Mimi huwa sitishiki ovyo, lakini lile lilinisisimua mwili.

Walioshindwa kuvumilia muwasho aliwapa matone ya wino wa ngisi, au salfa, au kitu kiitwacho teluriamu. Kanuni yao ni kwamba kitu kinachoweza kumletea mtu mwenye afya alama fulani, kikipunguzwa hadi kisionekane, kinamwondolea mgonjwa alama hiyohiyo. Pete nyingine zilififia zenyewe baada ya miezi, naye aliandika: amepona. Nyingine zilitambaa hadi begani, naye aliandika pia: inaendelea kutoka. Sikuona jinsi ambavyo daftari lile lingeweza kumwambia kwamba amekosea.

Ningemcheka zaidi kama nisingejua yaliyokuwa kwenye droo ya chini.

Wifi hakuzaliwa mganga. Zamani aliuza vitambaa. Alikuwa na binti mmoja, aliyesumbuliwa na ukurutu kwenye viwiko tangu mdogo, na siku moja alimnunulia tyubu ya mafuta akampaka mwenyewe mpaka ngozi ikawa laini. Mwaka uliofuata binti alianza kubanwa na kifua. Alifariki asubuhi moja kwa pumu, akiwa na miaka ishirini na sita, akamwachia mama yake mtoto wa kunyonya. Baada ya mazishi wifi alikwenda kwa mganga mmoja mzee wa homiopathi kutafuta faraja, na yule mzee akamwambia kwamba alichokifunga kwenye viwiko ndicho kilichokwenda kifuani. Alikwenda kutafuta faraja akapewa hatia. Akaishika kwa mikono miwili, akakaa miguuni pa mzee yule akajifunza kazi yake yote. Ile tyubu iliyominywa nusu ilikuwa kwenye droo ya chini ya chumba cha dawa, pamoja na skafu ya njano ya marehemu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Funguo alizivaa shingoni. Mjukuu hakuruhusiwa kuigusa droo hata kwa kidole.

Mjukuu huyo sasa alikuwa na miaka saba. Mimi aliniita Bibi Mdogo. Alikuwa na nywele nyingi nzito alizojivunia waziwazi, na majira ya baridi kifua chake kilipiga filimbi kama cha mama yake. Huyo ndiye ambaye wifi alikuwa akimngojea pete.

Ilipotokea, ilitokea kichwani. Kwanza ilikuwa sehemu ndogo ya kijivu yenye mba, nywele zimekatika karibu na ngozi. Ni mapunye, choa cha kichwani, nikasema. Wifi alilia kwa furaha akamkumbatia mtoto, na kweli kifua kilikuwa kimetulia, ingawa baridi nayo ilikuwa imepita. Kisha zikawa sehemu tatu. Kisha moja ikavimba, ikawa laini kama embe lililooza, ikatoa usaha. Tezi zikajaa shingoni, homa ikapanda, na mtoto akawa analala kifudifudi kwa sababu kichwa hakikugusika. Nywele zilibaki kwenye mto kwa mafungu.

Nilisema twende hospitali. Nikasema siku ya pili, na ya tatu, na siku ya nne nilipandisha sauti. Wifi alikuwa akimfuta mtoto usaha kwa pamba, taratibu, wala hakunitazama.

"Wifi," alisema, "mlango huo niliufunga mara moja. Nikamzika aliyekuwa ndani."

Mume wangu naye alinisihi nisimchokoze dada yake. Nikameza maneno yangu, na ninajuta kwamba niliyameza kwa siku tano zaidi.

Siku ya tisa nilikuwa nafungua maboksi ya penseli nikahisi muwasho. Nilikunja mkono wa blauzi. Upande wa ndani wa mkono wangu wa kushoto, mahali pa ngozi laini, palikuwa na duara dogo jekundu, limekamilika, kama limechorwa kwa bikari nilizokuwa nauza.

Nilikaa chini. Mimi sikuwahi kunywa tone lake hata moja. Sikumweleza ndoto yangu yoyote. Upande wa pili wa ukuta alikuwa akigonga, du, du, du, na nasema bila aibu kwamba wazo la kwanza lililonijia ni kuwa kile alichokuwa akikigonga mle gizani kilipita ukutani kikaniingia. Nilifunga duka nikaenda kituo cha afya.

Daktari alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu. Aliutazama mkono nusu dakika.

"Mama, una paka?"

Hapo ndipo nilipoyaona mapaja. Mapaja ya fundi saa, ya mke wa mpeleka barua, ya mapacha, na Karani juu yake saa moja na nusu, akiinua kichwa ili akunwe chini ya kidevu. Na mkono wangu wa kushoto, ninaombebea kila asubuhi kumtoa juu ya kaunta yangu.

Daktari alinieleza kwa subira. Choa si mdudu, ni kuvu. Kinakula tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Kinaenea kuelekea nje huku katikati kikitulia, ndiyo maana kinafanya pete. Kinapita kwa kugusana, kwa kitana, kofia, taulo, na kwa wanyama, na paka wa manyoya marefu anaweza kukibeba miaka bila yeye mwenyewe kuwa na upara hata mmoja. Mkononi mafuta yanatosha. Kichwani hayafiki kwenye shina la unywele, kwa hiyo zinahitajika dawa za kumeza, wiki nyingi. Kuhusu matone alisema hajaona ushahidi kwamba yanaua kuvu. Pete nyingine hupona zenyewe, na hapo kila dawa hupata sifa. Nikamweleza kichwa cha mtoto. Akauliza kimevimba siku ngapi. Nilipomwambia tisa aliweka kalamu chini.

"Mlete leo. Pakikaa hivyo sana, nywele hazirudi."

Nilimuuliza pia kuhusu yale mafuta ya viwiko, na alichonijibu nilikihifadhi. Nikiwa mlangoni aliongeza kwamba kuvu ile ya paka mara nyingi hung'aa kijani kwenye mwanga wa zambarau, wenye maabara wana taa yake, na hata ile ya kukagulia noti dukani inaweza kuonyesha, japo si kila choa hung'aa. Taa hiyo ninayo chini ya kaunta.

Sikwenda kubishana. Kumbishia wifi ilikuwa sawa na kumwongezea ukurasa kwenye daftari. Nilichukua taa na waya mrefu nikaingia chumba cha dawa. Alikuwa kwenye meza na kichupa mkononi. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda, amechoka, amejiegemeza kwenye paja la bibi yake, na Karani amemlalia miguuni. Ilikuwa saa saba mchana. Nilimwomba wifi anipe dakika moja tu, halafu afanye atakavyo. Nikafunga mlango, nikazima balbu, nikawasha taa yangu.

Mwanzo tuliona tu vitu vya kawaida vimegeuka: meno ya mtoto, kola ya shati lake la shule, nyuzi za pamba mezani, vyote vyeupe vya kutisha. Kisha niliisogeza taa kichwani pake.

Ile sehemu ya upara iliwaka. Si ngozi, vishina vya nywele, kimoja kimoja, kijani cha mlenda, kama kuna mtu aliyewasha taa chini ya fuvu. Karani akainua kichwa kuona kuna nini, na masikio yake yakawa na ukingo wa kijani, sharubu zake, na vidole vya miguu yote minne. Kisha macho yetu yakazoea giza, tukaona vingine. Unywele mmoja mmoja uliong'aa ulikuwa kwenye kigoda. Mwingine kwenye pazia. Kwenye ule mto wa ngozi alipogongea vichupa zilikuwa nyingi. Kwenye pamba alimolaza dawa. Katikati ya kurasa za daftari lililokuwa wazi, juu ya viduara vyekundu ambavyo katika mwanga ule vilionekana vyeusi. Na kwenye shali ya wifi, kuanzia begani hadi magotini, zilijaa.

"Bibi, umewaka," mtoto alisema. Alikuwa na homa, na alicheka kidogo.

Wifi alijitazama kifuani. Aliubana unywele mmoja kwa vidole viwili, akauinua mpaka karibu na jicho, akautazama kwa muda mrefu. Halafu akaanza kuwataja. Fundi saa. Mke wa mpeleka barua. Mwalimu. Wale mapacha. Aliendelea hivyo gizani, mtu baada ya mtu, bila kulitazama daftari, na sauti yake haikuwa sauti ninayoifahamu.

"Wote walimpakata," alisema alipomaliza.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na mwanangu? Yale mafuta yalifanya nini?"

"Hayakufanya kitu, wifi. Nimeuliza. Ukurutu na pumu hukaa kwa mtu mmoja mara nyingi, ndivyo miili mingine ilivyo. Pumu ingekuja hata kama usingempaka."

Alikaa chini kwenye sakafu. Nilidhani atalia, lakini alikuwa akipumua tu kwa kishindo, kama aliyetua mzigo na hajui aweke wapi mikono yake. Miaka saba alikuwa akimwomba radhi marehemu kwa kosa ambalo hakulifanya. Na kila pete aliyoichora ilikuwa sehemu ya radhi hiyo.

"Na kama unakosea?" alisema. "Kama akimeza hizo dawa, kikamrudi kifuani?"

Nilimwambia kwamba kichwa cha mtoto kinaoza mbele yetu na hilo halina kama. Wifi akasimama, akaivua ile shali, akaiacha ianguke, akambeba mtoto.

Mtoto alimeza dawa wiki nane, na kichwa kikaoshwa kwa sabuni ya maji tuliyopewa. Vitana tulivichemsha, mito ya viti tukaichoma uani, na Karani akapelekwa kwa daktari wa mifugo akafungiwa stoo miezi miwili akiogeshwa dawa, akitutukana kwa lugha yake. Kila alfajiri wifi alimwekea mtoto sikio kifuani. Alikuwa anangoja adhabu. Baridi ilipoingia kifua kilipiga filimbi mara mbili, kama kila mwaka, mtoto akavuta dawa ya pumu aliyopewa kituoni, ikapita. Mara ya pili wifi alikuja dukani mpaka kwenye kaunta yangu, akasema imepita, akarudi ndani.

Alikwenda nyumba kwa nyumba na lile daftari, mimi nikibeba taa. Tuliomba wafunge mapazia, na katika vyumba vya watu, mchana kweupe, tuliona vichwa viwili vingine vya watoto vikiwaka kijani. Hao tuliwaongoza kituoni siku hiyohiyo. Fundi saa alitufukuza, kisha akatuita tulipofika njiani. Mwalimu mstaafu ndiye aliyenitisha. Pete yake ilikuwa imezunguka mkono karibu wote, na kila Jumapili alikuwa akiichora ukingo kwa kalamu, mstari nje ya mstari, kuipima. Aliufunika kwa mkono mwingine.

"Msiniondolee," alisema. "Ni mume wangu anatoka, pole pole. Ikiisha nitabaki na nini?"

Wifi aliketi karibu yake. Alikaa saa moja na nusu, kama zamani, bila paka. Mwisho alimwambia: "Huzuni yako ni yako, mwalimu. Hii ni ya paka wangu." Nilimwona yule mama akiitazama mistari yake ya kalamu kama aliyesomewa barua ya mtu mwingine. Akachukua mafuta.

Vichupa bado vipo. Bi Tone bado anapokea watu, anawasikiliza, na mwenye pete humwambia nenda kituoni. Matone sijui kama ataacha. Simuulizi.

Siku mtoto alipomaliza dawa tuliingia tena chumba cha dawa, tukafunga mlango. Nilipitisha taa kichwani pake, mbele, nyuma, nyuma ya masikio. Giza tupu. Nywele zilikuwa zimerudi, fupi na ngumu, isipokuwa mahali pamoja pa ukubwa wa kitako cha kichupa, laini kama ndani ya mdomo. Hapo hazitarudi. Mtoto ana mazoea ya kupagusa kwa kidole.

Nilitaka kuwasha balbu. Wifi alinishika mkono, akanipokonya taa. Nilisikia funguo, nikasikia droo ya chini ikivutwa, uzi ukikatwa. Aliitandaza ile skafu mezani akaanza kuipitishia mwanga, pindo hadi pindo, akaigeuza, akarudia, uso umeinama mpaka karibu kuigusa. Sikumharakisha. Juu ya kitambaa kulikuwa na nyuzi mbili tatu nyeupe za vumbi, basi.

"Hakuna kitu," alisema.

Aliwasha balbu mwenyewe. Tyubu aliitupa kwenye ndoo ya taka. Skafu aliikung'uta, akamfunga mtoto kichwani, akaivuta kidogo upande ili ifunike pale mahali. Mtoto alijishika, akauliza ni ya nani.

"Ya mama yako," wifi alimwambia. "Nilikuwa naiogopa."